Siku Saba na Figo ya Thurman

Bladen, North Carolina
19 Januari

Denisha,

Hivi mlango wangu umeota miiba? Tangu Jumamosi ile ya kuchinja nguruwe, baada ya Sikukuu ya Shukrani, hujakanyaga hapa. Krismasi hukuja. Mwaka Mpya nilipika kunde na kichwa cha nguruwe, nikakuwekea sahani, ikakaa mezani mpaka mafuta yakaganda, ndipo baba yako akasema, Mama, mpe mbwa. Sikumpa mbwa. Nilikula mwenyewe kwa hasira, tumbo likaniuma siku mbili, na hilo nalo ni kosa lako.

Na usiniambie nipige simu. Huku kwenye misonobari simu inakatika mtu hajamaliza hata kusalimia. Isitoshe, mimi nimechuma tumbaku maisha yangu yote bila kuona ndani ya darasa, nikajifunza kuandika nikiwa na miaka sitini na mbili, kwenye meza ya jikoni kanisani, vidole vikikakamaa. Sikuteseka vile ili niongee na kidude chako. Nijibu kwa karatasi.

Hatujambo. Baridi imeua sukuma wiki ya Dada Arletha, yangu imesimama, na amenuna kama mimi ndiye niliyemtumia baridi. Shemasi Burnice ameng'olewa meno yote ya juu na bado hataki kutoka kwaya.

Baba yako anaendelea na mashine. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, masaa manne wanamtoa damu, wanaisafisha, wanamrudishia. Anarudi amekunjamana kama shuka iliyokamuliwa. Maji wamempimia vikombe viwili kwa siku, kwa hiyo analamba barafu. Mtu mzima anakaa barazani na bakuli la barafu, analamba moja moja ili zisiishe. Nikimwona hivyo naingia ndani.

Sasa sikia. Ijumaa amepata barua ya hospitali ya mjini. Wamemchagua. Watamtia figo ya nguruwe. Si hawa wangu wa bandani, ni wale wa kazini kwenu huko Virginia, waliobadilishwa tangu tumboni. Ameisoma barua hiyo mara tatu mezani, mara ya tatu kwa sauti ya mchungaji. Sijamwona na uso huo tangu ulipozaliwa wewe.

Kwa hiyo nakuuliza wewe unayewalea. Usinijibu kama mtu wa ofisi. Nijibu kama ungenijibu nikikuuliza kama nyama hii imeharibika au haijaharibika. Wewe ungekubali itiwe mwilini mwako?

Halafu, siku ile ya kuchinja sikukuambia, nakuambia sasa. Ulipofika ukasimama nje ya uzio, mikono mfukoni, ukaniambia kazini kwenu hawataki mtu aguse nguruwe wengine, nilidhani unajidai. Ndiyo maana nilikusema mbele ya watu. Nyumbani kwangu kila aliyetoka tumboni mwangu anaweka mkono wake siku hiyo, hata kama ni kushika mkia tu, na anayeweka mkono ndiye anayekwenda na fungu lake. Nilisema kumbe tumelea mtoto anayewaonea haya nguruwe waliomnunulia viatu. Watu wakacheka. Ukavua koti. Uliparua manyoya vizuri kuliko binamu zako wote, ukashika utumbo bila kukunja pua. Nilijivuna siku ile.

Andika.

Bibi yako,
Ozella McKoy


Virginia
2 Februari

Bibi yangu, shikamoo.

Barua yako imefika. Nafurahi kwamba hamjambo. Mpe pole Shemasi kwa meno. Mimi ni mzima, ila kazi ni nyingi na theluji imefunga barabara ya mlimani mara mbili. Ndiyo maana sijaja.

Nguruwe wetu hawazaliwi kama wako. Mama hupasuliwa, watoto hutolewa na kupelekwa kwenye chumba kilichosafishwa, na ziwa la mama hawalionji, kwa sababu kuna magonjwa ya nguruwe yanayopita kwenye maziwa na kwenye pumzi. Tunawanyonyesha sisi, kwa chupa, kila baada ya masaa mawili. Kabla sijaingia naoga mwili mzima, naacha mpaka hereni, navaa nguo za mle ndani.

Vinasaba vyao vimebadilishwa mahali kumi. Vile ambavyo mwili wa binadamu huvikataa vimezimwa, na vichache vya binadamu vimetiwa, ili damu ya Baba ikikutana na figo hiyo isidhani ni adui. Watu wameifanya kazi hii miaka mingi. Vipimo vyote ni safi.

Mwambie Baba afuate kila anachoambiwa.

Jambo moja dogo. Watu wa hospitali wakikuuliza habari za nguruwe wako, usitaje kwamba nilikuwepo siku ya kuchinja. Ni mambo ya kazi tu, yatawapotezea wakati.

Nakupenda, Bibi.

Denisha


Bladen
23 Februari

Denisha,

Umeniandikia kama mtu anayeomba ruhusa ya kazi. Nilikuuliza ungekubali itiwe mwilini mwako, ukanijibu vipimo ni safi. Haya. Nimesikia usichosema.

Tumekwenda mjini, tumesomewa karatasi. Nesi mwenyewe alikuwa mtoto mzuri, ana kope za bandia kama mafagio. Alisema baba yako Thurman akishatiwa figo hiyo hatatoa damu kumpa mtu yeyote tena. Atapimwa mpaka siku ya kufa. Hata sisi tunaoishi naye tutapimwa, wasije wakakuta kitu cha nguruwe kimeruka kutoka kwake kuja kwetu. Asilale na mwanamke bila kinga. Hapo Thurman akamwambia nesi, andika tu, dada, tangu mke wangu afariki hakuna aliyejitokeza. Na akifa, mwili ni wao kwanza. Watampasua, watamchunguza, ndipo turudishiwe. Nilimwambia nesi arudie hapo. Akarudia. Nilipokuwa bado natafuta miwani nijisomee mwenyewe, Thurman alikuwa ameshatia sahihi.

Wameniambia niondoe nguruwe wangu, maana mgonjwa hawezi kuishi nao. Yule jike mkubwa na wanawe nimempa Shemasi. Banda liko tupu, na asubuhi bado natoka na ndoo ya maganda, nasimama pale kama mjinga.

Kanisani wamegawanyika. Dada Arletha anasema mtu mwenye kiungo cha mnyama sijui atafufuliwa vipi. Nimemwambia, Arletha, wewe umekula nguruwe miaka sabini na sita, ukifufuliwa utaanza kulia kwa sauti gani? Mchungaji anasema ni mkono wa Mungu. Mchungaji akiona kitu kipya husema hivyo kwanza, halafu ndio anauliza.

Kinachonikera mimi ni kingine. Mmemtengeneza mnyama awe ndugu yetu kidogo. Mkamnyima ziwa la mama yake, mkamlea kwa chupa kama mtoto, halafu mnamchinja kwa sababu ya undugu ule ule mliomtilia. Mimi nguruwe wangu namchinja kwa kuwa ni nguruwe. Sijawahi kumdanganya. Hili lenu nimeligeuza kichwani kila upande na sijapata upande wa kulishikia.

Lakini mwanangu analamba barafu. Basi nimefunga mdomo.

Na lile uliloniomba nisilitaje sijalitaja. Ila najua unavyoandika ukiwa umetulia na unavyoandika ukiwa umeficha kitu, maana nilikulea. Watamtia tarehe kumi Machi. Njoo ukae na mimi kwenye viti vyao vya plastiki.

Bibi yako


Virginia
16 Machi

Bibi, shikamoo.

Najua Baba ameshakuambia. Mimi niliambiwa kazini, na msimamizi ambaye hajui kwamba mgonjwa ni baba yangu, kwa kuwa natumia jina la Mama. Alisema figo ya namba arobaini na moja imeanza kutoa mkojo mgonjwa akiwa bado mezani. Watu wakapiga makofi. Nilikwenda chumba cha kuogea, nikafungulia maji, nikalia.

Haturuhusiwi kuwapa majina. Arobaini na moja nilikuwa namwita Kunde, kwa ajili ya doa jeusi kando ya jicho. Aliwakataa watu wote isipokuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na chupa yake. Asubuhi ile hakutaka kutoka, wakaniita. Nilitembea mbele yake kwenye ule ujia mrefu, naye akanifuata mpaka mlangoni. Nilikuwa najua anakwenda kwa nani. Msimamizi hakujua.

Nisamehe sikuja hospitali. Ndugu wa mgonjwa huulizwa maswali mengi.

Mwambie Baba anywe maji.

Denisha


Bladen
14 Aprili

Denisha,

Baba yako amekojoa. Naanza na hilo kwa kuwa yeye naye alianza na hilo. Miaka minne mwili wake ulikuwa umekauka kama mtaro wa kiangazi. Siku aliyorudi nyumbani aliniita nije nisimame nje ya mlango wa choo nisikilize, mzee mzima wa miaka hamsini na nane, nami nikaja, nikasimama, nikasikiliza, nikapiga makofi. Dada Arletha alikuwa jikoni, akauliza kuna nini, nikamwambia mwanangu anakojoa. Akasema Bwana asifiwe.

Amekunywa jagi zima la chai ya baridi yenye sukari. Amekula ndizi, alizokuwa amekatazwa. Amekwenda kwa miguu mpaka kwenye banda tupu, akarudi, akaniuliza kama miguu ile ni yake. Kwa wiki tatu nimekuwa na mtoto wangu. Nataka ujue hivyo kabla sijaandika yanayofuata.

Jumanne alipata joto. Wakasema ni mafua. Jumamosi tukamrudisha mjini. Daktari wake anaitwa Quintero, mwanamke mdogo, mikono ya baridi, hazungushi maneno. Amesema mwili haujaikataa figo, ni kitu kingine, na hawajakijua.

Nimekuandikia katikati hapa kadi moja, hukujibu. Unakuja lini? Sitaki barua ya theluji. Theluji imeisha.

Bibi yako


Bladen
2 Mei

Denisha,

Hujajibu ile, basi jibu hii. Amekuwa rangi ya majivu. Ameacha kukojoa, wamemrudishia mashine. Jana aliuliza kama umepiga simu. Nilimwambia umepiga akiwa amelala, ukasema unampenda. Nimemdanganya mgonjwa kwa ajili yako, naye alifurahi, akalala.

Njoo siku hiyo hiyo utakayosoma. Usijibu barua hii, njoo.


Bladen
30 Mei

Denisha,

Basi ulikuja kwenye mazishi. Ulisimama kando ya gari lako na miwani nyeusi, ukalificha gari nyuma ya ghala la tumbaku kama mtu aliyekuja kuiba, ukaondoka kabla wanawake hawajafunua masufuria. Mwana wa pekee wa marehemu. Watu waliniuliza. Nilisema umezidiwa na uchungu. Sijui kama nilisema kweli.

Alikufa tarehe kumi na nne, asubuhi, nimeshika mguu wake kwa kuwa mikono yote ilikuwa na mirija. Wakakaa naye siku tisa. Karatasi ilikuwa imesema, kwa hiyo sikuwa na la kubisha, ila siku tisa nilipika kila siku kana kwamba atakuja. Waliponirudishia nilimwomba mzishi anifungulie kitambaa. Mshono unaanza shingoni unakwenda mpaka chini. Walishona vizuri, siwezi kusema uongo. Figo haikurudi naye. Nimemzika karibu na babu yako.

Juzi daktari Quintero alikuja mwenyewe, bila mtu, akakaa jikoni kwangu. Nilimpa mkate wa mahindi, akala wote, maskini, nadhani hakuwa amekula tangu jana yake. Akanieleza kwa maneno ninayoyaelewa. Kulikuwa na ugonjwa wa nguruwe umejificha ndani ya figo, kirusi kisichowasumbua sana nguruwe wenyewe. Hulala ndani ndani, kipimo cha pua hakikioni. Kwa baba yako kiliamka. Alisema nguruwe wa nyumba ile hawakupaswa kuwa nacho hata mmoja, maana ndiyo sababu ya kuwatoa kwa mama zao na kuogesha watu. Hawajui kiliingiaje. Alisema kinafanana na kile cha nguruwe wa kufugwa huku kwetu.

Akaniuliza swali moja, nikamjibu. Sitakuandikia nilichomjibu.

Akasema pia wamewapima upya nguruwe wote wa nyumba ile, wameonekana safi, na katikati ya Agosti kuna mama mmoja wa watoto wawili atatiwa figo nyingine kutoka humo humo. Jina hakunitajia. Alisema tu huyo mama ana miaka thelathini na minne na hawezi kupanda ngazi za nyumba yake.

Nina miaka themanini na moja. Nimezika mume na sasa mwana. Nakuuliza habari zako na nangoja.

Bibi


Virginia
2 Julai

Bibi,

Sijui kama naweza kukuamkia. Nimeichana barua hii mara nyingi.

Kila Jumatatu kazini tunajaza fomu. Swali la tatu linauliza kama umekaribia nguruwe mwingine yeyote ndani ya siku saba zilizopita. Ukiandika ndiyo, unakaa nyumbani mpaka siku saba zitimie, basi. Hawamfukuzi mtu. Jumatatu ile baada ya kuchinja zilikuwa zimepita siku mbili. Tulikuwa na watoto wachanga kumi na moja na mwenzangu alikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimeoga mara mbili, nimesugua kucha mpaka zikatoa damu. Niliandika hapana. Nikaingia, nikampa Kunde chupa.

Hilo ni kosa la kwanza, na lilikuwa dogo nilipolifanya. La pili halikuwa dogo. Barua yako ya Januari iliponifikia nilikaa kwenye gari nje ya posta bila kuwasha injini. Nilijua. Kama ningesema siku ile, wangewaua nguruwe wote wa jengo letu, sitini na wawili, na Baba angerudishwa mwisho wa foleni. Hakuwa na muda wa foleni. Wewe uliniandikia kwamba analamba barafu. Nikaangalia vipimo vya pua, vilikuwa safi, nikavishikilia. Nilijiambia huenda hakuna kitu. Nikinyamaza, Baba ana nafasi. Nikisema, hana. Nilichagua, Bibi, sikuteleza. Nilichagua na nilikuwa na akili zangu.

Nilikuja hospitali. Hukuniona. Tarehe nne Mei nilifika mpaka kwenye lifti. Pale kuna fomu ya kujaza kabla ya kupanda kwa Baba, na swali lilikuwa lile lile. Sikuweza kuandika hapana mara ya pili, na ndiyo sikuweza pia. Nikarudi.

Sasa kuna huyo mama wa Agosti. Nikisema, wataua wote waliobaki, na itachukua miaka miwili kupata wengine. Wapo watu wengi kwenye orodha ambao hawana miaka miwili. Watakufa kwa sababu nimesema. Nisiposema, huenda akafa yeye. Au huenda asife. Huenda aliyeleta ugonjwa si mimi, wanaingia watu tisa mle ndani. Nimehesabu kila upande. Watanishtaki, najua, na hilo silo linalonizuia, au labda ndilo, sijui tena.

Niambie la kufanya. Utakalosema nitalifanya.

Denisha


Bladen
11 Julai

Denisha, mwanangu,

Barua yako nimeisoma peke yangu, mlango nimeufunga, na Arletha nimemfukuza aliyekuja na kapu la matunda ya pichi. Nimeisoma polepole kwa sababu ndivyo ninavyosoma, na nilipomaliza nilikwenda kukaa bandani. Nilijaribu kukuchukia. Nimejaribu siku nne. Nilikuwa nakumbuka ule mshono ili nipate nguvu, na nguvu ilikuja, halafu nakuona umesimama mbele ya lifti, na inaondoka.

La kufanya sikuambii. Nilishakuambia mara moja, mbele ya watu, na ulinitii.

Ulinieleza sheria yenu, hukunificha. Ulisimama pale umenikazia macho, ukasema, Bibi, wakati huu siwezi, ni kwa ajili ya wagonjwa. Neno wagonjwa nililisikia. Watu wote walikuwa wanatazama, nami sikutaka mjukuu wangu asimame nje ya uzio wangu kama mgeni, basi nikakutia aibu mpaka ukavua koti. Januari nikakuandikia kwamba nilijivuna. Nimelibeba hilo tangu daktari alipotaja nguruwe wa huku kwetu. Nililijua kabla hujaniandikia.

Na nilichomjibu daktari ni hiki. Aliniuliza kama kuna mtu wa kwetu anayefanya kazi kule. Akiwa amekula mkate wangu, akiwa amekaa kwenye kiti cha Thurman. Nikacheka, nikamwambia, mwanangu, watu wangu wote ni wa tumbaku. Naye akaamini, akanikumbatia mlangoni. Kwa hiyo usidhani ni wewe tu uliyeandika hapana. Mimi nilimwambia uso kwa uso, na sikuwa hata na mgonjwa wa kuokoa. Wangu alikuwa ameshazikwa.

Unasema wakijua, wengine watakufa wakingoja. Sijui kupima hayo, na sidhani wewe unajua, pamoja na shule yako yote. Ila nilikaa na Thurman siku ile ya karatasi. Walimweleza kwamba mwili unaweza kuikataa figo. Walimweleza damu, wanawake, kupasuliwa. Kila waliloliona la kuogopwa walimwambia, naye akachagua, akatia sahihi nikiwa bado natafuta miwani. Hili hawakumwambia kwa kuwa hawakulijua, na aliyelijua ni mtoto wake. Sasa yule mama asiyeweza kupanda ngazi naye anasomewa karatasi, nesi wa kope anamrudia akitaka, na karatasi hiyo ina shimo katikati. Aambiwe. Labda atasema nipeni hivyo hivyo, sina jingine. Basi aseme yeye. Wewe na mimi tulimsemea Thurman bila kumwuliza, kila mtu kwa upendo wake, na unaona.

Jana nilimpigia daktari kwa simu ya kanisani. Nilimwambia yule jike wangu bado yuko kwa Shemasi, aje ampime damu, na kwamba swali lake la jikoni nataka kulijibu upya. Hakuniuliza zaidi. Akasema atakuja Alhamisi. Jina lako sijalitaja. Lakini nitakapomwambia la kwangu, lako litaonekana ndani yake, sina namna ya kulikunja lisionekane, na yeye si mjinga. Ningependa alisikie kwako. Wakikupeleka mahakamani nitakuja na kofia yangu ya Pasaka na nitakaa kiti cha mbele.

Kama nimekusamehe, sijui. Sijajisamehe mimi, siwezi kuruka foleni. Chakula kipo.

Basi njoo Jumatano, kabla jua halijazama. Gari usilifiche nyuma ya ghala, liweke mbele, barabarani, kila mtu aone limefika. Utakula kwanza. Utalala kitandani kwangu, mimi nitalala kwenye kochi, na sitaki ubishi. Alhamisi daktari atafika saa nne asubuhi, nitamkalisha upande wa dirisha. Wewe kaa upande wangu, na ukiona nimeanza kuongea kwa niaba yako, nikanyage mguu.

Bibi yako,
Ozella